Umeacha Sigara, Imekurudia: Tafuta Panapovuja

Ukuta wa chumba ukilowa, huishii kulaumu maji. Unafuata unyevu mpaka ufike kwenye bomba lililolegea, unakaza hapo. Sigara iliyorudi inataka ukaguzi wa namna hiyo. Wavutaji wengi hujaribu kuacha mara kadhaa kabla ya kufaulu, na kila wakianguka hujihukumu kwa maneno yale yale: sina msimamo. Hukumu hiyo haikazi bomba lolote. Aliyeanguka siku ya pili kabla ya chai ya asubuhi na aliyeanguka baada ya miezi mitano, matangani, wana matatizo mawili tofauti, na kila mmoja ana tiba yake.

Kabla ya kutafuta tiba, jipime. Kwa siku tatu, tia karatasi ndani ya pakiti, na kabla ya kuwasha kila sigara andika saa, mahali, uliye naye na ulichoshika mkono wa pili: chai, bia, simu, miraa. Kisha jibu maswali mawili. Baada ya kuamka, unakaa dakika ngapi kabla ya sigara ya kwanza? Kwa siku unavuta ngapi? Majibu hayo pamoja na karatasi ndiyo yatakayokuonyesha sehemu ipi ya mwongozo huu inakuhusu. Si lazima usome zote.

Mkono unatafuta sigara kabla hujatoka kitandani

Moshi ukiingia mapafuni, nikotini hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20. Lakini haikai: kila baada ya saa mbili hivi, nusu yake huwa imetoka kwenye damu. Ukilala kwa muda wa saa saba, unaamka tangi likiwa karibu tupu, na ubongo uliozoea kujazwa unapiga kelele. Anayewasha ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka ana uraibu mzito wa mwili, na mtu wa namna hii akiambiwa ajikaze tu anapewa mzigo usio wa haki. Anahitaji dawa.

Plasta ya nikotini ndiyo inayofaa hapa, kwa sababu hutoa nikotini polepole mchana kutwa bila moshi, lami wala kaboni monoksidi. Utaratibu wa kawaida kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku ni plasta ya miligramu 21 kila siku kwa wiki 6, kisha miligramu 14 kwa wiki 2, kisha miligramu 7 kwa wiki 2. Anayevuta 10 au pungufu huanza na miligramu 14 kwa wiki 6, akamalizia na 7 kwa wiki 2. Bandika asubuhi juu ya ngozi kavu, safi, isiyo na nywele wala mafuta ya kujipaka, juu ya kiuno: mkono wa juu, kifua au mgongo. Bonyeza kwa kiganja sekunde 10. Kesho yake hamia mahali pengine, na usirudi pale pa kwanza kabla ya wiki moja kupita, la sivyo ngozi itawasha na utaitupa plasta ukidhani imekukataa.

Makosa matatu hurudiwa sana. La kwanza ni kuikata vipande ili idumu. Watengenezaji hawashauri hivyo, kwani kipimo kinavurugika. La pili ni kutarajia ikate hamu papo hapo. Plasta huchukua saa kadhaa kufikia nguvu yake, kwa hiyo ile ya leo asubuhi haitakuokoa saa moja baadaye. Ikiwa asubuhi ndiyo saa yako mbaya, nunua ya saa 24 na ulale nayo. Ikikuletea ndoto za ajabu, ivue usiku na uwe na chingamu ya nikotini kando ya kitanda. La tatu ni kuacha baada ya wiki mbili kwa sababu unajisikia umepona. Unajisikia hivyo kwa sababu plasta inafanya kazi.

Plasta iliyotumika bado ina nikotini. Ikunje upande wa gundi uwe ndani na uitupe mahali ambapo mtoto hatafika.

Chingamu ya nikotini ilinipa kwikwi na kiungulia, hamu ikabaki

Karibu kila anayelalamika hivi aliitafuna kama chingamu ya dukani. Nikotini yake inatakiwa kupenya kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu. Ukitafuna mfululizo, inachanganyika na mate, unaimeza, tumbo linachafuka, na ile inayoingia damuni kupitia tumboni sehemu kubwa inavunjwavunjwa na ini kabla haijafika popote. Umelipia dawa na kupata kwikwi.

Tafuna polepole mpaka usikie mwasho kama wa pilipili. Simama. Ibane kati ya shavu na ufizi mpaka mwasho uishe, kama dakika moja. Tafuna tena kidogo, ibane upande wa pili. Endelea hivyo kwa dakika 30. Usile wala kunywa kitu dakika 15 kabla na wakati iko mdomoni; kahawa, soda na juisi ndizo mbaya zaidi, maana asidi yake huzuia nikotini isipenye. Mzoefu wa kuteremsha kila kitu kwa soda ajue kwamba hapa anazima dawa yake mwenyewe.

Kipimo nacho huwaangusha watu. Anayevuta ya kwanza ndani ya dakika 30 anahitaji chingamu ya miligramu 4. Anayekawia zaidi, miligramu 2. Wiki 6 za kwanza tumia moja kila baada ya saa 1 hadi 2. Wiki ya 7 hadi ya 9, moja kila saa 2 hadi 4. Wiki ya 10 hadi ya 12, moja kila saa 4 hadi 8. Usizidishe 24 kwa siku. Mtu anayekula tatu kwa siku kwa sababu ya bei hajaijaribu dawa hii bado.

Plasta na chingamu pamoja hufaulu kuliko kimoja peke yake: plasta inashika msingi, chingamu inapokea wimbi linalopanda ghafla. Si kila duka la dawa mtaani huwa nazo, kwa hiyo piga simu kwanza kwa maduka makubwa ya katikati ya jiji kabla ya kulipa nauli. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au aliyepata kiharusi karibuni amwone daktari kwanza. Daktari anaweza pia kukuandikia vidonge visivyo na nikotini. Bupropioni huanzwa wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha na haimfai mwenye kifafa; vareniklini kwa kawaida hutumiwa wiki 12 na humezwa baada ya chakula kwa sababu inaleta kichefuchefu. Mweleze kama unatumia dawa za TB au ARV, kwani baadhi yake hugongana na vidonge hivi.

Asiye na pesa ya dawa asikate tamaa. Watu huacha bila dawa kila siku. Ila basi sehemu zinazofuata azifuate kwa ukali zaidi.

Siku ya tatu nilichemka, nikagombana na kila mtu

Arosto ya sigara, yaani mateso ya mwili unaokosa nikotini, hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka pole pole kwa wiki mbili hadi nne. Hasira, kukosa utulivu, njaa na kushindwa kutuliza akili ni dalili zake. Tatizo la wengi ni kalenda. Huacha Jumatano, siku ya tatu ikaangukia Ijumaa jioni, mshahara umeingia. Hesabu kinyumenyume: chagua siku mbili zako tulivu zaidi katika wiki, kisha acha siku moja kabla yake. Soja wa zamu ya usiku aweke siku zake za mapumziko hapo. Mwenye duka aepuke mwisho wa mwezi. Waambie unaoishi nao, kwa maneno wazi, kwamba, tuseme kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, utakuwa mkali na kwamba hasira hiyo si yao.

Wimbi moja la hamu hudumu dakika chache, mara nyingi tatu hadi tano, hata kama linadai litadumu milele. Weka saa ya simu dakika 5 na ufanye jambo linaloshughulisha mdomo na mikono: piga mswaki, kunywa glasi ya maji kwa mafunda madogo, menya chungwa, tembea hadi mwisho wa barabara na urudi. Vipande vya miwa vya mkokoteni vinafaa kuliko peremende, maana vinataka kutafunwa muda mrefu. Simu ikilia, utakuta wimbi limeshuka. Likipanda tena baada ya saa moja, weka dakika 5 nyingine.

Silali, moyo unadunda, mikono inatetemeka

Kwanza kagua chai na kahawa. Moshi wa sigara huchochea ini livunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kasi hiyo hushuka ndani ya siku chache, na vikombe vile vile ulivyozoea vinakaa mwilini kwa muda mrefu zaidi, karibu maradufu. Mtu wa vikombe vinne vya chai ya majani kwa siku anajikuta kana kwamba amekunywa vinane, kisha anaamini kwamba mwili wake hauwezi kuishi bila sigara. Punguza nusu kuanzia siku ya kuacha, na kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa nane mchana.

Mabadiliko hayo ya ini hugusa dawa pia, hasa theofilini ya pumu, olanzapini na klozapini, na mwenye kisukari anayejidunga insulini anaweza kuona sukari inashuka kuliko kawaida. Kama unatumia mojawapo, mjulishe daktari tarehe ya kuacha kabla haijafika.

Nilinunua moja tu kibandani

Huu ndio mvujo mkubwa kuliko yote jijini Nairobi, na unastahili kukaziwa macho. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza kijiti kimoja kimoja, lakini kila mtaa una kibanda chenye pakiti iliyofunguliwa na laita inayoning'inia kwa kamba. Aliyetupa pakiti yake nyumbani anadhani amejitenga na sigara, kumbe iko hatua 40 kutoka mlangoni, kwa bei ya sarafu zilizo mfukoni. Fegi moja haionekani kama kurudi, kwa sababu hujanunua pakiti. Ndipo mtu anapovuta sita kwa siku huku akiamini ameacha.

Rekebisha njia yenyewe. Chora kwa kalamu njia yako ya kutoka nyumbani hadi stejini na uweke alama kila kibanda ulichonunulia. Kwa wiki nne pita barabara nyingine, hata ikiongeza dakika 10. Usipoweza kukwepa, nenda kwa mwenye kibanda ukiwa huna hamu, asubuhi baada ya chakula, umwambie: "Mama, nimeacha sigara. Nikija kuuliza usiniuzie, hata nikikubembeleza." Wengi hukubali na kushika neno. Nunua kwake maziwa, mkate na njugu ili usimkoseshe riziki. Sarafu nazo zina kazi kwenye ugonjwa huu: usitembee na chenji. Lipia vitu kwa simu, uone jina la muuzaji kwenye ujumbe kila unapotoa pesa. Kusita huko kidogo kunatosha mara nyingi.

Ukishavuta moja, usivue plasta kwa hofu kwamba zikichanganyika utakufa. Iache, zima sigara, endelea na siku. Kisha andika saa, mahali na mtu, kama ulivyofanya kwenye karatasi ya kwanza.

Wiki nzima niko sawa, Ijumaa naanguka

Pombe hulegeza breki, na nyama choma huketisha watu saa tatu mezani huku pakiti ikizunguka. Wiki nne za kwanza, kula nyama mchana na uondoke kabla ya giza, au kaa meza ya ndani ambako kuvuta hakuruhusiwi. Ukiamua kunywa, shika glasi kwa mkono uliozoea sigara. Mteue mtu mmoja mezani ambaye havuti na umwambie kabla ya kuketi. Usisubiri hadi chupa ya tatu.

Miraa na muguka ni kesi ngumu zaidi. Hushtua ubongo, huondoa usingizi, na kwa wengi kila shada lina idadi yake ya sigara. Halafu mdomo ukiwa umejaa majani, chingamu ya nikotini haina pa kukaa, kwa hiyo unabaki bila kinga saa unapoihitaji zaidi. Tunasema bila kuzunguka: anayevuta kwa sababu ya jaba, yaani miraa, aache vyote viwili kwa wakati mmoja, angalau kwa mwezi. Kujaribu kukaa kwenye besi, kijiwe cha watafunaji, bila sigara wiki ya kwanza ni kujitafutia kuanguka.

Nafunga mchana kutwa, nikifuturu navuta mbili mfululizo

Wakazi wa mitaa ya Nairobi kama Eastleigh, Pumwani na South C wanaijua hali hii. Mwezi wa Ramadhani mvutaji hukaa saa 13 na zaidi bila moshi, kisha tende ya tatu haijamezwa, kiberiti kimewashwa. Chukua hilo kama kipimo: mwili wako tayari unaweza kupita sehemu kubwa ya siku. Kinachobaki ni kukata uzi kati ya futari na sigara. Futuru, osha kinywa, nenda moja kwa moja kuswali, na baada ya hapo tumia chingamu ya nikotini. Kuhusu kuvaa plasta ukiwa umefunga, muulize sheikh wako.

Kazini hakuna pa kukimbilia

Kwa makanga na dereva, sigara ndiyo mapumziko: gari likisubiri kujaza, mnavuta. Soja anavuta ili asilale. Ukiondoa sigara bila kuweka kitu mahali pake, umeondoa na mapumziko. Dai dakika zako tano vile vile. Shuka garini, nyoosha miguu, kula ndizi, ukiwa mbali na wanaovuta. Kwa usingizi wa zamu, kuzunguka ua kila nusu saa kunasaidia kuliko moshi. Anayefanya kazi ofisini katikati ya jiji aache kuwasindikiza wenzake kwenye vyumba vya kuvutia sigara, hata kwa mazungumzo tu: moshi wa humo ndani unatosha kuamsha hamu.

Nakohoa kuliko nilipokuwa navuta

Vinyweleo vidogo vya njia ya hewa vilivyolemazwa na moshi vinaanza kufagia tena, na kohozi la siku nyingi linapanda. Huchukua wiki chache. Kunywa maji. Lakini kikohozi cha wiki mbili na zaidi, au chenye damu, jasho la usiku, homa au kukonda, kisisingiziwe kuacha sigara mpaka kipimwe. Wavutaji wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata TB, na kipimo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali.

Vidonda vya mdomo na choo kigumu pia hutokea wiki za mwanzo. Maji, sukuma, papai na kutembea hutosha kwa walio wengi. Uzito huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Badili mandazi ya saa nne kwa karoti au njugu mkono mmoja, na usianze kujinyima chakula mwezi ule ule unaoacha. Vita viwili kwa pamoja huwashinda wengi.

Huzuni nzito isiyopungua baada ya wiki mbili hadi nne, au mawazo ya kujidhuru, si ya kuvumilia nyumbani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa ushauri kuhusu uraibu wa aina yoyote, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bure.

Nimehamia kwenye vifuko vya nikotini, au shisha

Kifuko cha mdomoni hakina moshi, hiyo ni kweli. Lakini kinachouzwa kwa ladha ya matunda, bila ratiba ya kupunguza, hakina wiki ya 12. Ukishafika huko, hesabu vifuko vya siku, kisha hamia kwenye chingamu yenye kipimo na uishushe kwa ratiba ya hapo juu. Shisha haina hata utetezi huo. Kikao cha saa moja huingiza moshi mara 100 au zaidi ya ule wa sigara moja, na maji ya chini hayauchuji kuwa salama.

Sababu zangu zilikuwa nzuri, sasa hazinisukumi

"Afya" ni sababu kubwa lakini iko mbali. Tafuta iliyo karibu. Ukivuta 12 kwa siku kwa shilingi 20 kila moja, ni shilingi 240. Kwa siku 30, shilingi 7,200. Weka bei yako mwenyewe kwenye hesabu hiyo, kisha kila jioni tuma kiasi cha siku kwenye akaunti ya akiba ya simu kama M-Shwari, na uipe kazi kabla haijaanza kujaa: karo, godoro, nauli ya kwenda nyumbani Desemba. Pesa iliyobaki mfukoni bila jina huliwa, na mtu huishia kusema hakuona faida yoyote.

Weka pia vituo vifupi. Baada ya dakika 20 mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Ndani ya siku moja au mbili kaboni monoksidi imetoka kwenye damu, na ngazi za ghorofa ya nne zinaanza kupandika. Baada ya mwaka, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imepungua kwa nusu.

Miezi mitano safi, kisha msiba

Kufikia hapa nikotini haipo tena mwilini. Kilichobaki ni kumbukumbu: ubongo unakumbuka ulivyotulizwa safari iliyopita ulipofiwa, ulipofutwa kazi, au mlipogombana nyumbani. Msiba una mtego wake: usiku kucha nje karibu na moto, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki, na binamu anakusogezea pakiti kwa huruma ya kweli. Kabla ya kupanda gari la kwenda matangani, tia mkobani chingamu za nikotini 10, hata kama uliziacha miezi miwili iliyopita, pamoja na njugu na chupa ya maji. Ukifika, omba kazi: kuchota maji, kupanga viti, kuandika michango. Na jibu liwe tayari mdomoni kabla pakiti haijafunguliwa: "Asante ndugu yangu, niliacha. Nipe chai."